Nguvu za wazee wetu hazikai kwenye nyama peke yake

Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti mdogo ambao naamini kila mwenye mzazi mzee angefaa kuujua. Maria Fiatarone na wenzake walikwenda katika makao ya wazee mjini Boston, wakawachagua wazee kumi waliokuwa dhaifu, wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa muda wa wiki nane. Hawakuwapa mazoezi ya kupunga mikono huku wameketi, kama ilivyo desturi ya kuwashughulisha wazee. Waliwapa uzito wa kweli, uliokaribia kikomo cha uwezo wao, na kila uwezo ulipopanda, uzito nao ukaongezwa. Tisa walimaliza. Nguvu za misuli ya mapaja yao zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174, ilhali misuli yenyewe, ilipopimwa, ilikuwa imenenepa kwa asilimia 9 tu.

Pengo lililopo kati ya tarakimu hizo mbili ndilo linalonishughulisha. Kazi yangu hapa Amu ni kuwarejesha watu kwenye mwendo: walioanguka ngazini, waliovunjika nyonga, waliopigwa na kiharusi, na wale ambao hawakupata ajali yoyote ila wameketi mpaka miguu ikawaishia nguvu. Kundi hili la mwisho ndilo kubwa, na ndilo linalohukumiwa haraka kuliko yote. Jamaa husema ni uzee, tutafanyaje, na ukiwauliza zaidi watakwambia kwamba nyama zimekwisha. Utafiti wa miaka ya karibuni katika fiziolojia ya mazoezi, hasa ule unaochunguza jinsi neva zinavyoiamrisha misuli, unatuonyesha kwamba kupungua kwa nyama ni sehemu tu ya habari, na kwa wengi si sehemu iliyo kubwa.

Msuli haujikazi bila kuamrishwa. Amri huanzia ubongoni, hushuka katika uti wa mgongo, na huko hupokewa na niuroni za mwendo, yaani seli za neva zinazoiamrisha misuli. Kila niuroni ya mwendo hutoa mzizi mrefu unaokwenda hadi kwenye msuli na kugawanyika kuzifikia nyuzi zake. Katika misuli inayolizungusha jicho nyuzi hizo ni chache, na katika misuli mikubwa ya mguu huweza kufika mamia na kupita elfu. Niuroni moja pamoja na nyuzi zote inazoziamrisha huhesabiwa kuwa fungu moja la mwendo. Niuroni ikifyatuka, nyuzi zote za fungu lake hujikaza pamoja, na isipofyatuka hakuna hata mmoja unaotikisika. Liddell na Sherrington ndio waliolipa fungu hilo jina lake la kitaalamu mwaka 1925. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1957, Elwood Henneman alionyesha kwa majaribio ya paka kwamba mafungu hayaitwi ovyo: yenye niuroni ndogo, ambayo hayana nguvu nyingi lakini hayachoki upesi, hutangulia, na yenye niuroni kubwa, ambayo ndiyo yenye nguvu nyingi, huitwa mwisho, pale tu kazi inapokuwa nzito au uchovu unapoingia.

Kutokana na mpangilio huo, mwili una njia mbili za kuongeza nguvu ya msuli papo hapo: kuita mafungu zaidi, au kuyafanya yale yaliyokwisha kuitwa yafyatuke kwa kasi zaidi. Mtu ambaye kwa miaka mingi hainui kitu kizito, hapandi ngazi, na hanyanyuki kitini kwa miguu yake mwenyewe, hana sababu ya kuyaita mafungu yake makubwa, hata kama bado anayo. Sidhani kama kuna jambo lingine katika taaluma hii lenye faida kubwa zaidi kwa anayemtunza mzee, na huwa nalieleza kwa kila jamaa anayenipa nafasi ya kusema.

Kwamba nguvu hupanda kabla misuli haijanenepa limejulikana kwa muda mrefu. Moritani na deVries waliandika mwaka 1979 kwamba katika wiki za mwanzo za mazoezi sehemu kubwa ya ongezeko hutokana na neva, na unene wa msuli hufuatia baadaye. Shida ilikuwa namna ya kupima. Walitumia elektromiografia ya kawaida, yaani elektrodi chache zilizobandikwa juu ya ngozi, na elektrodi ya namna hiyo husikia umeme wa mafungu mengi kwa pamoja bila kuweza kusema lipi ni lipi. Sindano ya kuingiza ndani ya msuli husikia vizuri zaidi, lakini husikia mafungu machache sana, na ni vigumu kulipata fungu lile lile tena baada ya mwezi mmoja. Kwa hiyo kwa miaka arobaini tulijua kuwa neva hubadilika bila kujua hasa zinabadilikaje.

Kilichobadilisha mambo ni elektromiografia ya elektrodi nyingi. Kitambaa chembamba chenye elektrodi kwa makumi hubandikwa juu ya msuli, na programu ya kompyuta huyachambua mawimbi yaliyochanganyika mpaka kila niuroni ijulikane kwa sura ya umeme wake. Alessandro Del Vecchio na wenzake waliitumia njia hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika Journal of Physiology. Vijana waliujenga msuli wa mbele ya mundi, ule unaouvuta wayo juu, kwa wiki nne, huku kundi lingine likiendelea na maisha yake bila mazoezi. Kwa kuwa kila fungu lina sura yake, waliweza kulifuatilia fungu lile lile kabla ya mazoezi na baada yake. Nguvu iliongezeka kwa takriban asilimia 14. Mafungu yalianza kuitwa mapema zaidi, kwa nguvu ndogo kuliko awali kwa takriban asilimia 18, na yalipokuwa yamekwisha kuitwa yalifyatuka kwa kasi zaidi, ongezeko la kama mipigo mitatu kwa sekunde. Kwa waliofanya mazoezi hayo yote yalitokea; kwa wenzao hakuna lililotokea.

Naupenda utafiti huu kwa sababu unajibu swali moja na kulijibu barabara. Hausemi kwamba mazoezi hukuza kila kitu. Unaonyesha kwamba katika mwezi wa kwanza niuroni za uti wa mgongo zinafanya kazi tofauti, na kwamba tofauti hiyo inaendana na nguvu iliyopatikana. Usichoweza kusema ni amri hiyo mpya imetoka wapi: je, ubongo unatuma zaidi, au niuroni zenyewe zimekuwa nyepesi kuitika?

Mwaka uliofuata Isabel Glover na Stuart Baker wa Newcastle walijaribu kulifikia swali hilo kwa njia ambayo haiwezekani kwa binadamu. Waliwafundisha nyani wawili kuvuta mkono wa mtambo uliokuwa ukiongezewa uzito, na kwa elektrodi zilizopandikizwa wakazipima njia mbalimbali zinazoshuka kutoka juu hadi uti wa mgongo. Njia inayotoka moja kwa moja kwenye gamba la ubongo, ambayo ndiyo hutupa ustadi wa vidole, haikuonyesha badiliko la maana. Iliyoimarika ni njia ya kale zaidi, inayotoka katika shina la ubongo na kusambaa kwenye misuli mingi ya pande zote mbili za mwili, ambayo kazi yake ya kila siku ni kutusimamisha na kututembeza. Nyani wawili ni wachache, na mkono uvutao mtambo si mguu unaopanda ngazi, kwa hiyo siwezi kuichukua habari hii kuwa hukumu ya mwisho. Lakini inakubaliana na mambo ninayoyaona kwa wagonjwa wa kiharusi. Utafiti wa awali wa kikundi hicho hicho cha Baker, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha kwamba baada ya njia ya gamba la ubongo kuharibika, njia ya shina huimarika kwa upande wa misuli inayokunja na si kwa ile inayokunjua. Mgonjwa hurudishiwa uwezo wa kushika kikombe kabla ya kurudishiwa uwezo wa kukiachia, na wapo wasiorudishiwa huo wa pili kabisa. Jamaa hudhani kwamba anafanya ukaidi. Hafanyi ukaidi, njia iliyobaki kwake haijui kufungua kiganja.

Kuna matokeo mengine mawili ya kale na mapya ambayo yananisaidia kuwaeleza watu kwamba nguvu haikai kwenye nyama peke yake. La kwanza lilianzia Yale mwaka 1894, Edward Scripture alipoonyesha kwamba kuufanyisha mkono mmoja mazoezi huuongezea nguvu na mkono wa pili ambao haukufanya chochote. Jambo hilo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, na ukikusanya tafiti zote, ongezeko la upande uliopumzika huwa la wastani wa asilimia 8 hadi 12. Si kubwa, lakini kwa mvuvi aliyevunjika mkono na kufungwa plasta, asilimia hizo ni bure, na hakuna dawa itakayompa. La pili ni la mwaka 2014. Brian Clark na wenzake wa Ohio waliwafunga watu wazima wenye afya kifundo cha mkono kwa wiki nne. Baadhi yao walitakiwa, siku tano kwa wiki, wauwazie mkono ule unajikaza kwa nguvu zote, bila kuukaza kweli. Wasiowaza walipoteza takriban asilimia 45 ya nguvu zao. Waliowaza walipoteza takriban asilimia 24. Mikono yote ilikuwa imefungwa sawa. Tofauti ilikuwa katika ubongo kuendelea kulitumia eneo lile au kuliacha.

Nikirudi kwa wazee, kuna mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, na yanafaa yatenganishwe. La kwanza ni la kweli na halirudishwi: niuroni za mwendo zenyewe hufa. Tomlinson na Irving walizihesabu katika uti wa mgongo wa watu 47 waliokufa wakiwa na umri kati ya miaka 13 na 95, na mwaka 1977 wakaandika kwamba idadi haipungui sana mpaka miaka 60, kisha hupungua, na kwa baadhi ya watu hubaki nusu. Nyuzi zilizofiwa na niuroni yao huchukuliwa na jirani iliyo hai, kwa hiyo mafungu huwa machache na makubwa zaidi, na mwendo hupoteza ulaini wake. La pili ni kwamba hata niuroni zilizobaki hazitumiwi ipasavyo, na hili ndilo linalorudishika. Mwaka 2006 Bret Goodpaster na wenzake waliwafuatilia Wamarekani wazee zaidi ya 1,800 kwa miaka mitatu, weusi kwa weupe, wanawake kwa wanaume. Nguvu za miguu zilikuwa zikipungua kwa kasi kama mara tatu ya kupungua kwa nyama, na hata waliohifadhi nyama zao hawakusalimika. Miaka miwili baadaye Clark na Todd Manini walitoa hoja kwamba kupungua kwa nguvu kuhesabiwe tatizo la peke yake, lisifichwe ndani ya kupungua kwa misuli. Mimi nawaunga mkono, kwa sababu daktari anayeutazama mguu mwembamba peke yake hatamwona mzee mwenye mguu mnene usiomwinua.

Sehemu ya utafiti inayonivutia zaidi kwa sasa ni ile ya uwezo wa niuroni kuikuza amri. Niuroni ya mwendo haipokei amri na kuipitisha kama ilivyo. Ina mikondo ya umeme ya ndani ambayo, ikishaamshwa, huendelea na kuikuza amri ndogo iwe kubwa. Mikondo hiyo hutegemea kemikali za serotonini na noradrenalini zinazomwagwa katika uti wa mgongo kutoka shina la ubongo. Lucas Orssatto na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba makadirio ya mikondo hiyo ni ya chini kwa wazee kuliko kwa vijana, na mwaka 2023 wakaonyesha kwamba wiki sita za mazoezi ya nguvu ziliyapandisha kwa wazee. Makadirio haya hayapimi mkondo wenyewe. Hulinganisha niuroni mbili zinapoanza na zinapoacha kufyatuka, na waliopimwa ni wachache. Hata hivyo, kama yatathibitika, yatakuwa yametuonyesha kwamba mwili wa mzee hauhitaji kusubiri nyama ili uanze kubadilika, na yataeleza vizuri ni kwa nini nguvu huonekana katika majuma ya kwanza.

Mwaka huu nimekuwa nikimtembelea bibi mmoja wa mtaa wa Langoni, anayekaa orofani katika nyumba ya mawe ambayo ngazi zake, kama zilivyo ngazi za nyumba zetu za kale, zina vipandio virefu na giza katikati. Hakuwa ameanguka, wala goti halikuwa likimsumbua. Ila kila alipotaka kuinuka, binti yake alimshika kwapani na kumnyanyua, na kwa kuwa aliinuliwa kila mara, mwisho hakuweza kuinuka bila kuinuliwa. Nilikiweka kiti cha mbao ukutani ili kisirudi nyuma, nikaweka juu yake mito miwili migumu ili aanzie juu na mapaja yasibebeshwe kazi yote kwa mara moja.

“Bibi, rudisha miguu nyuma kidogo. Sasa inama mbele, pua ipite vidole vya miguu, kisha usukume sakafu.”

“Mwanangu, nikianguka?”

“Nipo mbele yako, bibi, na kiti kipo nyuma yako.”

Binti alisogea kumshika, nikamwomba angoje. Mapaja ya yule bibi yalitetemeka, tena kutetemeka kwa dhahiri mpaka kanga ikawa inacheza, na kutetemeka kule ndiko nilikokuwa nikikutafuta, kwa maana mafungu makubwa yaliyokuwa yamelala yalikuwa yakiitwa na kufyatuka bila mpango. Akasimama. Akaketi polepole, nikamwambia asijitupe, ajishushe. Wiki zilivyopita tuliondoa mto mmoja, kisha wa pili. Nilimpima unene wa paja kwa utepe wa fundi cherehani mwanzoni na baada ya majuma kadhaa, na utepe haukuonyesha tofauti ya kusemwa. Utepe ni kipimo hafifu na sitaki kuufanya ushahidi wa utafiti. Lakini sasa anainuka mwenyewe, na binti yake amejifunza kusimama karibu bila kushika. Mapenzi ya yule binti nimeyaona katika nyumba nyingi mno na siwezi kuyalaumu. Ninachoomba ni kwamba yaonyeshwe kwa kusubiri.

Huku kujishusha kunastahili neno lake. Msuli unapojikaza huku unarefushwa, kama unavyofanya paja mtu anaposhuka ngazi au anapoketi taratibu, hubeba uzito mkubwa kuliko unapojikaza huku ukifupika, na kwa gharama ndogo ya pumzi. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu hilo ni jambo la neema. Taabu yake ni maumivu yanayokuja kesho yake au kesho kutwa, na hapa ndipo wengi huacha, wakiamini wameumia au kwamba asidi imewaganda mwilini. Lakteti, ambayo ndiyo inayodhaniwa kuwa asidi hiyo, huondoka damuni ndani ya kama saa moja baada ya mazoezi. Maumivu ya siku ya pili yana chanzo kingine, yaani mikwaruzo midogo katika nyuzi zisizozoea kurefushwa, pamoja na uvimbe unaofuata. Maumivu ya mara ya pili huwa madogo kuliko ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa majuma. Basi huanza na kidogo sana, na humwambia mzee mapema kwamba paja litamuuma na siku litakayomuuma, maana maumivu yaliyotabiriwa hayamtishi mtu.

Wanaume wazee huja kwangu na shauri jingine. Wengi hawalalamiki juu ya ngazi. Wanachokisikitikia ni kuswali kitini. Mtu aliyekuwa akienda msikitini kwa miaka yote, akisujudu na kuinuka pamoja na jamaa zake, siku moja huona hawezi kuinuka kutoka sakafuni, na ruhusa ya kuketi, ingawa ipo na ni rehema, haimwondolei huzuni. Kuinuka kutoka kwenye sijda ni kazi nzito kwa mapaja kuliko kuinuka kitini, kwa kuwa goti limekunjwa hadi mwisho na uzito wote uko nyuma yake. Tunaanzia kwenye kigoda, tunashuka hadi kwenye mto, kisha mswala wenyewe huku mkono ukiegemea baraza. Si wote wanaofika. Waliochakaa magoti siwalazimishi. Lakini wapo waliorudi safuni, na mtu wa namna hiyo hahitaji tena kuhimizwa na mimi.

Kinachonisikitisha katika tafiti nilizozitaja ni nani waliomo ndani yake. Waliopimwa na Del Vecchio walikuwa vijana wa kiume, na hali hiyo si ya pekee. Emma Cowley na wenzake walipozipitia makala zaidi ya 5,000 za sayansi ya michezo na mazoezi mwaka 2021, walikuta wanawake ni asilimia 34 ya washiriki, na makala zilizochunguza wanawake peke yao ni asilimia 6. Elektromiografia ya elektrodi nyingi ina tatizo zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyo chini ya ngozi hufifisha umeme na programu hutambua niuroni chache kwa wanawake, hivyo wanawake huachwa nje mara ya pili. Wazee wa Afrika Mashariki karibu hawamo kabisa. Na hali sisi si wageni katika sayansi hii. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, pamoja na wenzake, waliandika katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu waliozoea kubeba mizigo waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 wenzake wa timu hiyo walieleza kwamba mwendo wa wanawake hao, wakishabeba, huhifadhi nishati kutoka hatua moja hadi nyingine kuliko wa asiyezoea. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuikuta nafuu hiyo kwa wote. Kila mtu alikuwa na yake. Nautaja kwa sababu ni wa haki kutajwa, na kwa sababu tofauti kati ya mtu na mtu ndiyo hasa inayonifanya nitamani vipimo vichukuliwe hapa. Mahamali wetu wa gatini hushusha magunia na mawe kutoka mashuani tangu utoto hadi uzeeni. Neva zao zimefanyaje baada ya miaka arobaini ya mzigo? Na zinafanyaje siku wanapoacha kazi na kuketi?

Kitambaa cha elektrodi na kompyuta yake havitafika Amu kesho. Lakini kuna kipimo kilichoandikwa na Jones na Rikli mwaka 1999 ambacho hakihitaji umeme: kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha kama sentimita 43, na saa. Mzee hukunja mikono kifuani, akainuka na kuketi kadiri awezavyo kwa sekunde 30, na idadi ikaandikwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewaelekeza watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kujenga misuli walau siku mbili kwa wiki, na yale ya kujizuia kuanguka siku tatu au zaidi, kwa hiyo si jambo ninalolizua mimi. Fiatarone, aliporudi mwaka 1994 na wazee 100 wa wastani wa miaka 87, alikuta nguvu zimepanda kwa asilimia 113 na uwezo wa kupanda ngazi kwa asilimia 28, ilhali nyama za paja ziliongezeka kwa asilimia 2.7 tu; na waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Kila mzee anayekuja zahanati hupimwa presha na ikaandikwa. Ningependa ainuke pia kitini kwa nusu dakika, na idadi hiyo iandikwe katika daftari lile lile, mstari wa chini yake, kisha arudiwe baada ya miezi mitatu.